Presha Imepimwa, Vyumba ni Vile Vile

Mwezi Machi, kaskazi ikianza kulegea na wageni wa mwisho wa msimu wakiwa bado wamo, hoteli moja ya Malindi niliyokuwa nikiifanyia hesabu iliandaa siku ya afya. Meza iliwekwa chini ya mwarobaini nyuma ya jiko: mashine mbili za presha, mizani, na nesi aliyelipwa kwa siku. Kila mfanyakazi alipewa fulana. Mama mmoja wa vyumbani alikaa, akafungwa mkono, mashine ikasoma 172 kwa 108. Nesi akarudia kupima, ikashuka kidogo tu. "Mama, punguza chumvi, upumzike, na kesho usikose kwenda hospitali." Mama akaitikia, akakunja karatasi akaitia mfukoni mwa sare, akapanda ngazi. Alikuwa amebakisha vyumba sita.

Jioni yake wakubwa walikaa kupitia gharama, nami nikiwemo na makaratasi yangu. Meneja alikuwa amefurahi: mfanyakazi mwenye afya hakosi kazi, na anayejaliwa hakimbilii hoteli ya jirani. Mkuu wa fedha akasema zile ni pesa za fulana tu, hazirudi.

Ubishi huo si wa Malindi peke yake. Mwaka 2010 Katherine Baicker na wenzake wawili wa Harvard walikusanya tafiti za Marekani wakapata kwamba kila dola iliyotumika kwa programu za afya kazini ilipunguza gharama za matibabu kwa dola 3.27, na hasara ya utoro kazini kwa dola 2.73. Meneja yeyote angependa hesabu hiyo. Lakini Baicker huyo huyo, pamoja na Zirui Song, mmoja wa wale wawili, alirudi mwaka 2019 na jaribio: kampuni moja ya maduka makubwa, vituo 160, wafanyakazi wapatao 33,000, programu ikipelekwa kwenye vituo 20 tu vilivyochaguliwa kwa kura. Baada ya miezi 18, watu wa vituo hivyo walisema wanafanya mazoezi zaidi na kuangalia uzito wao. Presha, kolesteroli, gharama za matibabu na siku za kukosa kazi hazikuonyesha tofauti ya maana. Mtafiti anayerudi kuipima upya hesabu iliyompa jina, mimi namvulia kofia.

Kwa hiyo mkuu wa fedha ameshinda? Kwa upande wa pesa, naona ameshinda, ila kwa sababu ambayo hata yeye hakuitaja. Kule Marekani mwajiri mkubwa ndiye anayebeba bili ya matibabu, kwa hiyo mfanyakazi asipougua, yeye ndiye anayeokoa. Kwetu Kenya, tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, makato ni asilimia 2.75 ya mshahara wote na yanatoka kwa mfanyakazi peke yake. Mwajiri anakata na kuwasilisha tu. Presha ya yule mama ikishuka, hoteli ambayo haikumnunulia bima ya kampuni haioni hata shilingi. Inabaki habari ya siku za ugonjwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu. Kibarua wa siku hana hata hizo. Akiugua, kesho asubuhi getini kuna mwingine.

Hata hivyo meneja naye siwezi kumtupa. Presha haina kelele. Bila ile meza, yule mama angeendelea kukilaumu kiyoyozi kwa kichwa kinachomgonga. Wastani wa watu 33,000 hauwezi kumwonyesha mtu mmoja kama yeye. Lakini aliyegunduliwa ameachiwa karatasi tu, na mzigo wa kuitafutia presha dawa siku ambayo yuko zamu. Na kuna jambo ambalo kikaoni halikuguswa: wapishi wawili walikataa kupimwa. Mmoja aliniambia pembeni, "Namba ikifika ofisini, msimu ujao jina langu halimo." Nesi alikuwa akiandika kwenye daftari la hoteli, majina na vipimo pamoja. Nani angemlaumu mpishi huyo?

Ninachowadai wakubwa wote wawili ni kitu kimoja, wafungue daftari la zamu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa wafanyakazi. Hapo ndipo pa kuuliza mtu anatandika vyumba vingapi kwa zamu, chakula cha wafanyakazi kinatiwa chumvi kiasi gani, na nani atashika zamu ya mwenzake siku ya kliniki. Mkuu wa fedha, anayezidharau fulana, angeweza kuyafanya hayo kwa kalamu tu. Hakuyafanya, na ndiyo maana shaka yake, hata ikiwa sahihi, hainifurahishi.

Aprili mvua zilianza, hoteli ikafunga, mkataba wa yule mama ukaisha pamoja na msimu. Desemba nilimkuta amerudi, anasukuma toroli. Nikamuuliza habari za presha. "Ipo tu, babangu." Alikwenda hospitali mara moja, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, vikaisha akiwa hana kazi.

Bajeti mpya imepita mikononi mwangu. Fulana zimo, nesi yumo. Vyumba ni 14 kwa zamu, kama mwaka jana.