Dramu za mtumba: vua ngozi kwanza, bei baadaye

Anayeuza dramu zilizotumika anajua mnunuzi anatazama nini: rangi, idadi ya ngoma, na jina lililoandikwa kwenye ngozi ya mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Ndiyo maana siku ya mauzo seti huwa imepigwa kitambaa ikang'aa kama ya harusi. Kwangu vitu hivyo vitatu ni vya kutazamwa mwisho. Ngozi yenye nembo hununuliwa peke yake na kufungwa kwenye pipa (mwili wa ngoma) lolote, kwa hiyo jina hilo si ushahidi wa kitu. Unacholipia kiko chini ya ngozi, na muuzaji asiyetaka zivuliwe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nenda na ufunguo wako wa dramu (wa muuzaji huwa "ulikuwepo hapa juzi"), futi kamba, tochi na kijiti kimoja cha kupigia. Kwa uchache vua ngozi ya juu ya sneya (ngoma yenye nyaya chini yake), ya tomu moja (ngoma isiyo na nyaya) na ya kiki. Legeza boliti kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukihamia ile inayotazamana nayo. Ukitoa ringi, lile duara linalobana ngozi, pamoja na ngozi yenyewe, unaona mdomo wa ngoma, ukingo wa mbao ambao ngozi inaukalia. Pitisha kidole taratibu kuuzunguka. Uwe laini, bila kukatika. Pakiwa na pengo, mbonyeo au mbao iliyomeguka, ngozi haikai sawa, na ngoma hiyo itakataa kutuniwa hata ukeshe nayo: unakaza huku, kule kunalegea, na kila pigo linaacha mkwaruzo nyuma yake.

Kipimo cha pili ni cha mwanga. Laza pipa tupu, mdomo chini, juu ya meza ya kioo au kaunta ya marumaru iliyonyooka, punguza mwanga wa chumba, washa tochi ndani. Mwanga ukipenya chini ya mdomo, hapo pamelika. Kunyoosha mdomo upya kunawezekana, lakini ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga ukingo na mkono uliotulia. Fundi wa vitanda na msasa wake ataongeza tatizo.

Ila usikurupuke kwenye sneya. Mdomo wake wa chini una mabonde mawili mapana, yasiyo na kina, yanayotazamana pale nyaya zinapopita. Yamekatwa kiwandani makusudi ili nyaya zilalie ngozi vizuri. Ukiyataja kama kasoro ya kushushia bei, muuzaji anayejua atakucheka.

Halafu duara. Pima kipenyo mara tatu kwa pembe tofauti. Tofauti ya milimita moja au mbili inavumilika. Ikizidi tatu, ngozi mpya itabana upande mmoja na kucheza upande wa pili. Mapipa hupinda yakiwekwa stoo bila ringi huku yamebebana, au yakilowa. Ukiwa hapo mulika ndani: alama za maji, plaiwudi iliyoachana, unga wa wadudu wa mbao, nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya skrubu. Mchubuko wa kava la nje ni wa macho tu, na ni wa kushangilia, maana unashusha bei bila kugusa sauti.

Kwa seti zilizokaa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hewa ya chumvi hula chuma kabla ya mbao. Kutu ya juu ya ringi inafutika. Kutu ya kuogopa ni ile iliyoingia kwenye meno ya lagi, kile kipande cha chuma ubavuni mwa pipa ambamo boliti hujifunga. Zungusha kila boliti kwa vidole bila ufunguo. Iingie yenyewe angalau mizunguko mitatu. Ikigoma, ama ina uchafu, ama mtu aliiingiza upande kwa nguvu na meno yamelika. Boliti hupatikana, lakini lagi zinatofautiana umbali wa matundu kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya modeli za kampuni moja. Lagi mbili mbovu kwenye tomu ndogo yenye tano au sita ni tatizo kubwa. Kiki yenye nane kila upande ikipungukiwa moja, unaweza kuishi nayo kwa muda.

Ringi zilaze mezani. Inayoyumba imepinda, na ringi iliyopinda ni mdomo mbovu kwa jina jingine. Za kawaida za chuma zina unene wa milimita 1.6, nzito zina 2.3. Kwenye seti nyingi za bei ya chini kabisa ni nyembamba kuliko hizo, ndiyo maana zinakunjika zenyewe kwa kukazwa.

Sasa matoazi, ambayo wengi tunayaita simbali. Hapa ndipo pesa inapotea, kwa sababu mnunuzi anayahesabu kama sehemu ya seti. Yahesabu peke yake. Ngoma mbovu huwa na dawa. Toazi bovu halina. Ukisikia fundi wa gereji anasema atalichomelea, mshukuru, kisha ondoka. Moto unaharibu ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, na mlio haurudi.

Kwanza jua ni chuma gani. Ya bei rahisi kabisa ni shaba iliyochanganywa na zinki; yana njano ya kung'aa na yanalia kama kifuniko cha sufuria, mlio ukikatika haraka. Juu yake kuna mchanganyiko wa shaba na asilimia 8 ya bati, kama Sabian B8 na Zildjian ZBT. Mengi ya kiwango cha juu, Zildjian A au Sabian AA kwa mfano, yana asilimia 20 ya bati. Lakini asilimia pekee isikudanganye: Paiste 2002 ni ya asilimia 8 na ni toazi la kitaalamu. Maandishi ya wino yakifutika si neno. Tafuta muhuri uliogongwa kwenye chuma chenyewe.

Pili, ufa. Lining'inize toazi kwenye kidole kupitia tundu lake, ligonge kidogo kidogo kuzunguka ukingo mzima kwa ncha ya kijiti. Lililo zima linavuma kwa muda mrefu na kufifia taratibu. Lenye ufa linakwaruza kama redio yenye spika iliyochanika. Kisha pitisha ukucha kwenye ukingo, na uangalie sehemu mbili zinazosahaulika: mzizi wa kengele, ule mwinuko wa katikati, na mistari ya duara iliyochongwa juu ya toazi, maana ufa hupenda kufuata mstari na kujificha humo. Ufa wa sentimita mbili hautasimama hapo. Wapo wanaotoboa tundu dogo mwisho wake au kukata kipande cha umbo la mwezi ili usiendelee, na mara nyingi inasaidia, lakini hilo ni toazi la mazoezi, lilipiwe bei ya mazoezi.

Tundu la katikati likiwa limerefuka kama tundu la ufunguo, lilichezwa bila mpira wa plastiki kwenye stendi, chuma kikisaga chuma. Jambo hili, pamoja na nati iliyokazwa hadi toazi halitikisiki, ndilo linalomaliza matoazi ya makanisani. Vijana wanapiga kwa nguvu, toazi halina pa kuyumbia, nguvu yote inaishia kwenye chuma. Seti ya kanisani si mbaya kwa sababu hiyo. Mapipa yake mara nyingi ni mazima, kwa kuwa hayasafirishwi ovyo. Chukua mapipa, acha matoazi.

Stendi zinataka dakika tano tu. Fungua kila kiungo uone plastiki ya ndani. Ikipasuka, bomba litateremka katikati ya wimbo hata ukikaza kwa mikono miwili. Kwenye haihati, yale matoazi mawili ya kukanyagwa kwa mguu, kagua klachi, kile kishikio cha toazi la juu, kwa kuwa meno yake hulika kabla ya kitu kingine. Pedali ya kiki ishike kwa mkono uitikise pembeni: ikicheza, bawaba zimekwisha. Kuhusu mkono wa kushikilia tomu, huo ukikosekana usiseme utaazima wa seti nyingine. Pearl kwa kawaida wanatumia bomba la inchi 7/8, Yamaha wana fito yenye pembe sita, na wengine wana vipimo vyao.

Kwa anayeuliza majina: Pearl Export, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, na Yamaha Stage Custom ndizo ningependekeza kwa mtu asiyetaka kubahatisha, kwa kuwa vipuri vyake vinatafutika. Kati ya Export iliyochubuka na seti mpya isiyojulikana jina, mimi nachukua iliyochubuka, bila kufikiri mara mbili. Na usitishwe na ngozi kuukuu. Seti ya vipande vitano ina ngozi kumi, tano za kupigwa na tano za chini. Ulizia bei ya zile tano za kupigwa kabla hujaenda, uzitoe kwenye bei anayotaka muuzaji, kisha utoe na klachi, nyaya za sneya zilizolegea, na kila toazi lenye ufa kwa thamani yake yote. Mabishano yakiwa juu ya vitu vinavyoonekana mezani, huwa mafupi.

Mkikubaliana, rudishieni ngozi hapo hapo na kila boliti ikae kwenye tundu lake kabla ya kupakia. Matoazi yasilazwe chini ya mapipa kwenye buti. Na hesabu miguu ya tomu kubwa: ni mitatu, na mmoja hubaki stoo kwa muuzaji.