Wageni 12 ndo wanaoiua Taifa Stars? Mi naona kesi imefunguliwa kwa mtu asiyehusika

Tangu Brahim Diaz wa Morocco atufunge pale Rabat Januari 4, 2026 na safari ya Taifa Stars kuishia hatua ya 16 bora ya Afcon (Kombe la Mataifa ya Afrika), mjadala umerudi palepale unaporudi kila mwaka: punguzeni wageni. Ligi Kuu yetu inaruhusu klabu isajili wachezaji 12 wa kigeni na watu wanasema ugonjwa uko hapo, maproo, yaani hao wageni, wamejaa Simba, Yanga na Azam, wazawa wako benchi, halafu tukifika Afcon tunatafuta straika kwa tochi. Anayesema hivyo hana chuki na mtu, anaumia na timu yake kama ninavyoumia mimi, na kuna sehemu yuko sahihi kabisa nitaifikia. Ila kwa ujumla naona wageni wanabebeshwa mzigo usio wao.

Tuanze na namba inayouma. Mechi 13, magoli 9, ushindi hakuna. Hiyo ndo rekodi yetu yote ya Afcon tangu dunia iumbwe. Lagos 1980 tulicheza tatu, tukafungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Misri 2019 tukafungwa zote tatu, na ile ya Kenya tuliyoongoza mara mbili tukapigwa 3-2 mpaka leo inaniuma. Ivory Coast, Januari 2024, sare na Zambia, sare na DR Congo, tatu bila na Morocco. Halafu hii ya juzi kule Morocco, tukafungwa 2-1 na Nigeria, 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia, tukapita na pointi mbili kama mmoja wa washindwa bora (walioshika nafasi ya tatu kwenye makundi), mara ya kwanza katika historia yetu kutoka kwenye makundi, mwenyeji akatumalizia kwa bao moja. Magoli 9 kwenye mechi 13, yaani hata goli moja kwa mechi halifiki, na sijui kama kuna shabiki wa Stars anayeweza kuisoma hiyo namba akalala vizuri.

Sasa wenzetu wanaichukua hiyo namba wanaibandika mgongoni kwa wageni. Hapo ndo nawaomba tusimame kidogo tuangalie miaka. Kati ya 1980 na 2019 ni miaka 39 ambayo hatukukanyaga Afcon kabisa, na sehemu kubwa ya hiyo miaka wageni kwenye ligi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Tena kuna kipindi kinanifikirisha sana: mfungaji bora wa ligi 2010 ni Mussa Mgosi, 2011 Mrisho Ngassa, 2012 John Bocco, wazawa watatu mfululizo, wote majina makubwa, wote wanacheza kila wiki. Afcon ya 2012 tulienda? Hatukwenda. 2013? Hatukwenda. Kama dawa ni kiatu cha mfungaji bora kuvaliwa na mzawa basi tungepona siku nyingi.

Halafu angalia kipindi ambacho wageni wamejaa. Tangu 2019 zimechezwa Afcon nne, sisi tumekwenda tatu. Kwenda Morocco tulitoka kwenye kundi la DR Congo, Guinea na Ethiopia, na Guinea tulimfunga ugenini na nyumbani, ile ya nyumbani straika wetu Msuva akamaliza kazi Uwanja wa Mkapa Novemba 2024. Sisemi wageni ndo waliotufuzisha, lakini anayesema wanatuua anatakiwa atuambie mbona tumeanza kupumua wao wakiwepo.

Wafungaji wenyewe tuwaangalie. Kagere alibeba kiatu 2019 na 2020, Bocco 2021, George Mpole 2022, Mayele na Saido wakagawana 2023 kwa magoli 17 kila mmoja, Aziz Ki 21 mwaka 2024, Ahoua 16 mwaka 2025. Misimu saba wazawa wana viwili, Bocco na Mpole, nakubali ni kidogo. Lakini mchukue huyo Mpole, alikuwa Geita Gold, hana viungo wa Yanga nyuma yake, hana basi la kifahari, akafunga 17 na Mayele akaishia 16. Wala hakuna aliyemzuia kwa sababu ya pasipoti. Mzawa mwingine, Feisal Salum, alimkimbiza Aziz Ki mpaka mwisho akamaliza na 19. Ligi ina timu 16, wageni wanaotisha wako kwenye timu tatu nne zenye hela, huko kwingine nafasi ziko wazi, timu za majeshi kama JKT Tanzania na Prisons zinacheza na wazawa watupu. Swali langu kwa wanaotaka wageni wapunguzwe ni hili, huyo straika mzawa anayezuiwa na mgeni wa Simba, kwa nini hatumwoni akifunga 17 pale Prisons kwanza?

Na kitu kinachosahaulika zaidi ni nyuma. Machi na Aprili 2024 Yanga ilicheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, dakika 180 bila kuruhusu goli, nje ndani 0-0, ikatolewa kwa penati baada ya lile shuti la Aziz Ki kugonga mwamba na kudunda pale mstarini mwamuzi akakataa (bado naliona goli lile). Mabeki wa kati wa Yanga hiyo kina nani? Dickson Job, Ibrahim Bacca, Mwamnyeto. Wazawa. Haohao ndo wa Stars. Yanga isingefika robo fainali bila wageni Diarra, Aucho na Aziz Ki, na Job asingepata dakika 180 za Sundowns mahali pengine popote, haziuzwi dukani. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, wakashinda ugenini wakakosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini. Simba nayo ikafika fainali hiyohiyo Mei 2025 na Berkane ya Morocco, wazawa Kapombe na Tshabalala ndani. Hao wawili miezi mitatu baadaye walikuwa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani tu, Tshabalala akamfunga Burkina Faso, Kapombe akamfunga Mauritania, Mzize akapiga mawili kwa Madagascar, tukaongoza kundi na pointi 10 tukiwa tumeruhusu goli moja tu, mpaka Morocco waliokuja kubeba kombe walipotutoa kwa bao moja. Kile kilikuwa kikosi cha wazawa watupu, na uti wa mgongo wake ulikuwa umekomaa kwa kufanya mazoezi kila siku na hao wageni. Mzize mwenyewe alikua akimwangalia Mayele mazoezini.

Sasa upande wa pili, na hoja yao nzito kuliko zote ni Afrika Kusini. Kule klabu inaruhusiwa wageni watano tu, na Bafana, timu yao ya taifa, waliobeba medali ya shaba ya Afcon 2024 kwa kiasi kikubwa walikuwa Sundowns waliovaa jezi ya taifa, Ronwen Williams akadaka penati nne za Cape Verde siku moja. Hapo huwezi kubisha, klabu kubwa yenye wazawa wengi imezaa timu ya taifa. Ila wenzetu wana ligi ya vijana ya klabu za ligi kuu inayochezwa kweli, wana akademi, wana shule. Sheria ya watano imekuta watoto wapo tayari. Sisi ukipunguza wageni leo wakabaki watano, zile nafasi saba hazitajazwa na mtoto wa miaka 18 kutoka Tandika, zitajazwa na mzawa wa miaka 30 aliyekwishazunguka timu nne, bei yake ikipanda mara tatu kwa sababu ya uhaba. Na majirani tusiwasahau, ligi za Kenya na Uganda hazina wageni wengi kama yetu, Harambee Stars ya Kenya hawakufuzu kwenda Morocco na Uganda wamemaliza kundi letu na pointi moja. Nawapenda sana hao ndugu zetu, nasema tu kwamba uchache wa wageni peke yake haujawafikisha mbali kuliko sisi.

Ambapo nawapa haki yao wapinzani wangu bila ubishi ni golini. Msimu wa 2024/25 kipa namba moja wa Yanga ni Diarra wa Mali, wa Simba ni Camara wa Guinea, wa Azam ni Mustafa wa Sudan. Timu tatu kubwa, milingoti mitatu, hakuna Mtanzania. Kipa hana sabu ya dakika ya 70, hahamishiwi winga, kama hachezi hachezi kabisa, na mechi za presha za Afrika ndo zinazomkomaza. Misri wamezuia makipa wa kigeni kwenye ligi yao miaka mingi na hawajawahi kuhangaika na kipa wa taifa. Hiyo sheria TFF (shirikisho letu la soka) wakiileta kesho naiunga mkono.

Kingine ni mgeni asiye na kiwango, yule anayeshuka Agosti na picha nyingi uwanja wa ndege halafu dirisha dogo anaachwa na mshahara amekula. Huyo ndo anayekula nafasi ya kijana, Aucho hajawahi kula nafasi ya mtu. Uingereza mchezaji wa nje anapimwa kwa pointi, amecheza timu ya taifa mara ngapi, ametoka ligi gani, dakika ngapi, ndo apewe kibali. Kipimo cha aina hiyo kingetusaidia kuliko kukata namba kutoka 12 kwenda 5, kwa sababu mbovu watano bado ni wabovu. Straika wetu Samatta alikuwa mgeni Lubumbashi kule DR Congo, akabeba ubingwa wa Afrika 2015 na Mazembe, na hakuna Mcongo aliyesema anamzibia kijana wao.

Afcon ya 2027 iko kwetu, Kenya na Uganda, hatutafuzu tena kwa jasho, tunaingia kama wenyeji. Muda uliobaki ni mfupi na kijana wa miaka 19 anahitaji mechi 30 za ushindani kwa mwaka ndo awe straika. Ligi ya U20 (vijana chini ya miaka 20) ichezwe nyumbani na ugenini msimu mzima, klabu isiyopeleka timu ikatwe pointi kwenye ligi kuu, na kila klabu yenye wageni 12 ilazimishwe kutoa vijana wake kwa mkopo badala ya kuwabeba kwenye basi kama wasindikizaji.