Singo za nyumbani: tuzipime kwa mizani ipi?

Vijana wa Mtwara au Masasi wakiachia singo wenyewe, bila lebo wala meneja, wapenzi wa muziki wa huku kusini hugawanyika. Wapo wanaosema hawa ni watoto wetu, wanarekodi chumbani na magodoro yameegemezwa ukutani, kwa hiyo tuwatie moyo. Wengine hawataki kusikia hayo. Wimbo ukishatoka, wanasema, umekaa kwenye simu moja na nyimbo za Dar es Salaam na Lagos, basi upimwe nazo.

Upande wa kwanza una hoja kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, ilipoingia Tanzania mwaka 2021, wengi waliona mlango umefunguka: humhitaji tena mtu wa redio. Lakini tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi pale. Kwa anayeimba na gitaa lake kule Newala, tena kwa Kimakonde, elfu moja si mchezo. Ukimponda wiki ile ile alipotoa wimbo, umemkata miguu.

Halafu kuna suala la usafi wa sauti. Mchiriku wa Dar ulipitisha vinanda vidogo vya Casio kwenye spika za honi hadi vikakwaruza, na kule kukwaruza ndiko kukawa muziki wenyewe. Singeli wengi waliiita makelele ya uswahilini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za singeli za studio ya Sisso ya Dar na kuzitoa kama albamu, zikapata masikio mpaka Ulaya. Kwa hiyo "miksi mbovu" ni lawama ya kutoa kwa tahadhari.

Ila huruma nayo ina mwisho. Kuna singo moja ya vijana wa huku inayoanza na chinganga, ile ngoma ndogo inayopigwa kwa fito kwenye sindimba, mchezo wa Wamakonde. Imerekodiwa uwanjani, nyuma mtu anakohoa, bodaboda inapita. Hapo sina neno, ndipo wimbo ulipo. Dakika ya kwanza haijaisha, chinganga inazimwa, inaingia biti ya amapiano ya kupakua, na kijana aliyekuwa akiimba kwa lafudhi ya kwao anaanza kuvuta maneno kama mtu wa Sinza, Dar. Kibwagizo kinazunguka tu mpaka mwisho, bila ubeti wa pili.

Hilo la kumsitiri kwa sababu hana hela? Kuandika ubeti wa pili hakulipiwi. Kipaza sauti kibovu nitakisamehe, uvivu wa kalamu hapana. Na wale wanaomtaja Harmonize kila wanapotaka kuwapima vijana hawa wanasahau kwamba yeye ni mtoto wa Mtwara aliyepaa akiwa WCB, lebo ya Diamond Platnumz, kwa muziki wa kuchezwa. Anayejaribu gitaa na ngoma ya unyago hayuko kwenye mbio zile.

Msimamo wangu una tundu, najua. Msikilizaji haulizi studio ilikuwa bei gani. Sauti ikimuumiza sikio anaruka kwenda wimbo unaofuata. Na hata chinganga ina gharama: kuirekodi vizuri kunataka vipaza sauti zaidi ya kimoja, wapigaji waliokaa pamoja na ngozi iliyokangwa motoni ikakaza, wakati biti ya kupakua inawekwa dakika chache na mteja wa pili yuko mlangoni. Prodyuza anayelipwa kwa wimbo atachagua kipi? Ndiyo maana inanikera kwamba karibu kila uchambuzi wa singo za huku unamshambulia mwimbaji peke yake. Aliyeizima ile chinganga hatajwi.