Risasi ya Karen na Cheo Kilichomwendea Binti

Nchini Kenya jina la Lord Erroll, kabaila wa Kiskoti aliyekuwa mlowezi, halitajwi bila swali lile lile: nani alimuua? Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941 gari lake aina ya Buick lilikutwa limetoka barabarani karibu na njia panda ya Karen na Ngong, naye amejikunyata ndani, ana jeraha la risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na marehemu, alishtakiwa Nairobi na kuachiwa huru mwezi Julai mwaka ule ule, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyetiwa hatiani. Swali hilo limeandikiwa hadi limechakaa, na kwa maoni yangu limetuziba macho tusilione jambo jingine lililotokea katika nukta ile ile mtu yule alipokata roho. Vyeo vyake vya ukabaila viliachana njia. Kimoja kilikwenda kwa binti, kingine kikaenda kwa ndugu, na tangu siku hiyo havijakutana tena.

Marehemu aliitwa Josslyn Hay, na alikuwa Earl (daraja ya juu ya ukabaila) wa 22 wa Erroll, cheo cha Uskoti kilichoanzishwa mwaka 1452 na Mfalme James wa Pili. Alikuwa pia Baron Kilmarnock, cheo kidogo zaidi na kichanga zaidi, kilichotolewa mwaka 1831, wakati Uskoti na Uingereza zilikwisha kuwa ufalme mmoja. Hakuacha mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, Diana, aliyezaa na mke wake wa kwanza, Lady Idina Sackville, na binti huyo alikuwa ametimiza umri wa miaka 15 siku 19 tu kabla ya mauaji. Alikuwa Uingereza, akilelewa na jamaa, maelfu ya maili kutoka hapo baba yake alipolala. Diana akawa Countess, yaani earl wa kike, wa 23 wa Erroll kwa haki yake mwenyewe, si kwa kuolewa na mtu. Gilbert, ndugu wa marehemu, ndiye aliyeupata ubaron wa Kilmarnock.

Msomaji aliyezoea mirathi ya kwetu atashangaa, kwa sababu sisi tumezoea mali kugawanywa kwa mafungu: mke na thumuni yake, binti na nusu ya fungu la kaka yake, na kadhi akipiga hesabu hadi senti ya mwisho. Cheo hakikatwi mafungu. Kinamwendea mtu mmoja, mzima mzima, na anayeamua ni nani si upendo wa marehemu wala wasia wake bali maneno ya hati iliyokianzisha au iliyokithibitisha. Hati ya Kilmarnock ya mwaka 1831 ilisema warithi wawe wa kiume, basi binti hakuwa na neno. Vyeo vingi vya kale vya Uskoti vilikuwa na mlango mpana zaidi, na pale ambapo hakuna mwana wa kiume, binti mkubwa huingia. Kwa Waingereza wa kusini hata baroni za kale zinazoruhusu mabinti huning'inia hewani iwapo mabinti ni wawili au zaidi, hadi mfalme amteue mmoja. Uskoti haina mning'inio huo, kwani mkubwa huchukua na shauri likaisha.

Cheo cha Erroll kina kisa chake zaidi ya kanuni hiyo. Katika miaka ya 1660, Earl wa 11, Gilbert Hay, ambaye hakuwa na mtoto, alikirudisha cheo kwa mfalme kisha akakipokea upya kwa hati iliyomruhusu kuwataja watakaomfuata. Huo ulikuwa ujanja halali uliotumiwa na makabaila wengi wa Uskoti wakati ule, nami nauona kuwa ndio uti wa mgongo wa habari yote hii. Tunaambiwa daima kuwa ukabaila ni damu. Ukichunguza kwa karibu unakuta ni karatasi, na damu huitwa baadaye kuja kutoa ushahidi.

Ushahidi huo uliitwa mwaka 1717, Earl wa 13, Charles, alipofariki bila kuoa. Cheo kikamwendea dada yake Mary, aliyekuwa upande wa Wajakobi, yaani wale waliotaka nasaba ya Stuart irudi kwenye kiti cha enzi. Mary naye hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1758, aliyefuata alikuwa mjukuu wa dada yake, kijana wa ukoo mwingine kabisa aliyeitwa James Boyd, na hapa naomba nikawie kidogo, kwa maana sijaona mfano bora wa jinsi cheo kinavyoweza kupenya katikati ya maafa.

Baba yake James alikuwa William Boyd, Earl wa 4 wa Kilmarnock. Katika uasi wa 1745 baba alijiunga na Wajakobi, ilhali James, mwanawe wa kwanza, alikuwa afisa katika jeshi la mfalme. Wote wawili walikuwapo katika uwanja wa vita wa Culloden, Uskoti, mwezi Aprili 1746, kila mmoja upande wake. Inasimuliwa kwamba baada ya mapigano baba alipitishwa mateka mbele ya mistari ya askari washindi, kichwa wazi, nywele zikipeperuka usoni, na kwamba mwana alitoka kwenye mstari wake, akavua kofia yake mwenyewe, akamvika baba yake, akarudi mahali pake bila kusema neno. Tarehe 18 Agosti mwaka huo William Boyd alikatwa kichwa Tower Hill, London, na hukumu ya uhaini ikaufuta uearl wa Kilmarnock. James hakurithi chochote kutoka kwa baba yake kwa njia hiyo.

Lakini Erroll haikuwa ya baba. Ilipita kwa mama yake, Anne Livingston, aliyekuwa binti wa dada yake Countess Mary, na uhaini wa mume haukuweza kuchafua kilichokuja kwa mkondo wa mke. Mwana wa mhaini akawa Earl wa 15 wa Erroll, akaacha jina la Boyd na kujiita Hay, na mwaka 1761 akahudhuria kutawazwa kwa Mfalme George wa Tatu akiwa Konstebo Mkuu wa Uskoti, wadhifa wa heshima wa kurithi unaokwenda pamoja na cheo cha Erroll. Mfalme huyo alikuwa mjukuu wa yule ambaye baba yake James alikatwa kichwa kwa jina lake. Laiti vyeo vya Erroll vingepita kwa wanaume peke yao, mlango huo usingekuwapo.

Sasa turudi 1941. Familia ilikuwa imejiita Hay kwa karibu miaka 183, ingawa kwa mkondo wa kiume walikuwa akina Boyd tangu siku ile ya 1758. Ubaron wa Kilmarnock wa mwaka 1831 wenyewe ulitolewa kama kumbukumbu ya cheo kilichofutwa; aliyepewa alikuwa Earl wa 18, mkwe wa Mfalme William wa Nne kwa binti aliyezaliwa nje ya ndoa. Diana alipochukua Erroll na jina la Hay, Gilbert alilirudia jina la Boyd mwaka ule ule. Babu yao wa kale, James, alikuwa ameacha kuwa Boyd ili awe Erroll. Gilbert akaacha kuwa Hay kwa kuwa hakuwa Erroll. Sina hakika kama riwaya ingethubutu kupanga mambo kwa usawa wa namna hiyo bila mhariri kulalamika.

Je, binti huyo alirithi nini hasa? Kwa upande wa ardhi, karibu hakuna. Ngome mpya ya Slains, iliyo juu ya majabali karibu na Cruden Bay huko Aberdeenshire, ilikuwa imeuzwa mwaka 1916 na babu wa Josslyn, na mwaka 1925 paa lake liliondolewa; leo ni kuta tupu zinazotazamana na bahari. Ngome ya kale ya jina hilo ilikuwa imebomolewa tangu 1594 kwa amri ya Mfalme James wa Sita, kumwadhibu Earl wa 9 kwa uasi. Josslyn alipofika Kenya mwaka 1924 pamoja na Idina, nyumba yao katika bonde la Wanjohi waliiita Slains. Jumba la Oserian kando ya Ziwa Naivasha lilikuwa la mke wake wa pili. Hapo ndipo ninapomwona mtu huyu wazi zaidi kuliko katika hadithi zote za karamu na mapenzi: jina la ngome isiyo na paa limetundikwa kwenye nyumba ya mlowezi, katika ardhi ambayo haikuwa ya wazee wake hata kidogo. Simwonei huruma nyingi. Mwaka 1934 alijiunga na mafashisti wa Uingereza, na maisha yake ya anasa Wanjohi yalijengwa juu ya mgongo wa wengine. Amezikwa katika uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Paulo, Kiambu, kando ya mke wake wa pili.

Kuna wanaoitaja Uskoti kama mfano wa haki kwa wanawake katika jambo hili. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli kwamba Diana alipata kile ambacho binti wa earl wengi wa Uingereza asingekipata. Lakini alikipata kwa sababu hakuwa na kaka; angekuwa na kaka mdogo anayenyonya, kaka huyo angemtangulia. Hata baada ya kukipata, mlango wa bunge la juu, Baraza la Malodi, ulibaki umefungwa kwake na kwa wanawake wenzake hadi sheria ya mwaka 1963. Na mwaka 2013 bunge lilipotunga sheria ya kumruhusu binti wa kwanza arithi kiti cha enzi mbele ya mdogo wake wa kiume, vyeo vya makabaila viliachwa vilivyo. Sioni hoja ya maana inayoeleza kwa nini taji liweze kubadilika na cheo cha Baron kisiweze.

Mwaka 1946 Diana aliolewa na Sir Iain Moncreiffe, mtaalamu wa nasaba na nembo ambaye pengine aliijua hati ya Erroll kuliko wenyewe. Kwa kuwa ukoo wa Kiskoti hauongozwi na asiyebeba jina lake, mwana wao wa kwanza, Merlin, alibeba jina la mama, Hay, na uongozi wa ukoo wa baba ukamwendea mdogo wake, Peregrine. Merlin akawa Earl wa 24 mama yake alipofariki mwaka 1978. Pamoja na cheo alirithi ukonstebo mkuu, ambao Mfalme Robert the Bruce alimpa Sir Gilbert Hay mwaka 1314 baada ya kumnyang'anya Earl wa Atholl aliyemgeuka, na ambao haukutegemea ngome, wala shamba, wala fedha. Mwezi Mei 2023, Charles wa Tatu alipotawazwa, Merlin alikuwamo katika shughuli akiwa Konstebo Mkuu wa Uskoti: Moncreiffe kwa baba, Boyd kwa babu, na Hay kwa hati.