Kemia ya Pemba inataka stoo na fundi

Huku magharibi mwa Ujerumani ninakofanya utafiti, nikiagiza kemikali leo alasiri, aghlabu kesho iko mezani. Mashine ikisumbua, fundi wake yumo jengo hilo hilo. Nikija likizo Pemba huulizwa Wazungu wametuzidi nini, na muulizaji anangoja niseme akili. Siamini hivyo hata kidogo. Katika niliosoma nao skuli Chake Chake wapo walioielewa kemia kunizidi, na leo wanauza duka. Walikosa stoo yenye vifaa na mtu wa kutengeneza kinachoharibika.

Fani yangu ni vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kikemia bila vyenyewe kuisha. Si mbali na ninapokaa upo mji wa Mülheim, penye taasisi iliyoanzishwa mwaka 1912 kuchunguza makaa ya mawe, kwa kuwa makaa ndiyo yaliyokuwa ardhini mwao. Humo Karl Ziegler aligundua mwaka 1953 kichocheo cha kutengeneza polithini bila mgandamizo mkubwa, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Humo pia yumo Benjamin List, aliyeipata mwaka 2021 pamoja na David MacMillan. Walianza na walichonacho, na hawakukiacha njiani.

Sisi tuna karafuu. Msimu ukifika, usiku nyumba nzima iko mkekani inachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule, na vidole vinanuka hata baada ya kuoga. Shangazi yangu huchukua karafuu moja kavu, akaivunja, akasikiliza inavyokatika, akajua kama itapita kituo cha kununulia karafuu. Kwangu mimi kile ni kipimo cha maabara, na mwenyewe hakosei. Huku Ujerumani yujenoli, kitu kinachoipa karafuu harufu yake, huja ndani ya chupa ya kahawia, na hakuna mwenzangu hata mmoja anayejua mkarafuu unapandwaje wala unachumwaje.

Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo yanayokenekwa kiwandani pale Wawi, Pemba, na ndiyo harufu unayoisikia kwa daktari wa meno. Molekuli yake ina mkia mfupi wenye bondi maradufu nchani, yaani atomi mbili za kaboni zilizoshikana mara mbili. Isogeze bondi hiyo hatua moja ndani, kwa potasi kali na moto au kwa kichocheo kidogo cha metali ya ruteniamu, unapata isoyujenoli. Ioksidishe hiyo, unapata vanilini, harufu ya aiskrimu. Viwanda vya Ulaya viliwahi kupita njia hii. Leo vanilini nyingi duniani hutokana na petroli, na sisemi Pemba ishindane nayo kwa bei. Nasema mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ajifunze kemia ogania, yaani kemia ya kaboni, kwa yujenoli ya Wawi, kitu anachokijua tangu utotoni.

Shangazi aliniuliza, "Mwanangu, hayo makonyo huko mnayafanyia nini?" Nikamweleza yote haya. Akasema, "Sasa mbona hamyafanyii hapa?" Nikamjibu: fundi, shangazi.

Ndiyo maana roho huniuma nikisikia mashine kubwa inasifiwa kabla ya kuulizwa nani ataihudumia. Sumaku ya mashine kubwa ya NMR, inayotuonesha umbo la molekuli, hupozwa kwa heliamu kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu ikikosekana, mashine ni chuma tu. Bora kromatografu ndogo ya gesi, kifaa kinachotenganisha vilivyochanganyika, ya kupimia mafuta yetu, yenye vipuri vyake na mtu wake. Na vichocheo vya List vinatufaa zaidi ya hivi vyangu vya metali, ambavyo vingi huvishika ndani ya sanduku lisiloingia hewa. Mwaka 2000 alionesha kuwa prolini, asidi amino iliyomo hata miilini mwetu, inaweza peke yake kuchochea molekuli mbili ziungane. Haitaki madini ghali wala haiogopi hewa.

Wanaopanga bajeti waanze na nafasi ya fundi wa maabara, mshahara umtoshe asikimbilie kazi ya hoteli, na kifungu cha vipuri kisiguswe kwa safari wala semina. Nafasi hiyo ikitangazwa, nawajua vijana wa Chake na Wete watakaoomba siku hiyo hiyo.