Akina Fletcher na Mji wa Nicodemus: Sifa Zao Zinaishia Wapi?

Katika simulizi za Nicodemus, mji wa Wamarekani Weusi ulioanzishwa mwaka 1877 karibu na Mto Solomon, Kansas, jina la Fletcher halikosekani. Zachary Fletcher alikuwa mkuu wa kwanza wa posta, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 alifungua hoteli ya St. Francis pamoja na banda la farasi. Mkewe, Jenny, alifundisha watoto ndani ya handaki lao, yaani makao yaliyochimbwa ardhini. Je, hao ndio wajenzi wa mji?

Wanaowatetea wana hoja nzito. Posta ndiyo iliyoleta barua za ndugu na hati za ardhi. Mji usio na posta ulikuwa kambi tu. Hoteli nayo ilikuwa na kazi yake. Mtu aliyekuja kukagua ardhi kabla ya kuhamisha familia alihitaji kitanda, chakula na malisho ya farasi. Akivikosa alipitiliza hadi mji unaofuata. Na shule iliwapa wenye watoto sababu ya kubaki.

Lakini Fletcher alikuwa pia miongoni mwa maofisa wa kampuni ya mji, yaani kampuni iliyouanzisha mji na kuwaita watu waje. Msimu wa vuli 1877 walifika wahamiaji wapatao 300 kutoka Kentucky. Walishuka treni katika mji wa Ellis, wakatembea takriban maili 35, wakakuta waliowatangulia wanaishi mashimoni. Familia 60 hivi zilirudi. Kosa kubwa lilikuwa la majira. Ardhi ya nyasi hupasuliwa Mei na Juni, ikiwa bado na unyevu, ili mizizi ioze kabla ya kupandwa. Ngano ya vuli hupandwa Septemba, ila kwenye shamba lililokwisha kupasuliwa. Waliofika wakati huo walikuwa na majembe, farasi wachache mno, na majira ya baridi mlangoni. Anayempa ofisa wa kampuni sifa ya kuwaita watu hawezi kumwondolea lawama ya kuwaita wamechelewa.

Ujenzi wenyewe ulifanywa kwa koleo. Handaki lilichimbwa kwenye mteremko, kuta tatu zikawa za udongo, na mbele pakazibwa kwa madonge ya nyasi yaliyokatwa pamoja na mizizi yake. Paa lilibebwa na gogo moja la katikati, juu yake matawi, nyasi na madonge. Miti ilipatikana kandokando ya mto tu, kwa hiyo wengi walitumia gogo jembamba. Madonge yakilowa, uzito ulilipinda, na matone yaliendelea ndani hata mvua ikishakatika nje. Kuni zilikuwa adimu, hivyo walipikia mashina ya alizeti na mavi makavu ya wanyama. Kazi hii ilifanywa na kila kaya, nyingi zikiwa hazitajwi popote. Nami naona huo ndio msingi wa mji. Akina Fletcher waliufanya ukalike. Hiyo ni sifa kubwa, ila ni ya pili.

Sifa hiyo ina mpaka wake pia, nao ni reli. Mwaka 1887 wapiga kura waliidhinisha hatifungani (hati za mkopo wa umma) za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Haikuja. Kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga reli upande wa kusini wa mto, na mwaka 1888 wafanyabiashara wengi wakahamia Bogue, kwenye reli. Hoteli na posta havikuweza kulizuia hilo.

Tangu 1996 Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa lenye majengo matano: makanisa mawili, shule, ukumbi wa mji na St. Francis. Katika hayo, la familia moja ni hoteli peke yake. Mahandaki yalibomoka na kurudi udongo, kwa hiyo anayepima mchango kwa majengo yaliyosimama atawapa akina Fletcher hata fungu la majirani zao waliochimba.