Aota ya Kudumu

Jamani, kabla hamjaendelea kunicheka kwa habari aliyosambaza mwalimu mwenzangu, mwenye mdomo kama spika ya mnadani: sikuchora moyo mzima. Nilichora mshale mmoja na neno moja. Ile bluu nitaieleza. Sasa sikilizeni toleo la marehemu mwenyewe.

Mzunguko wa damu, kipindi cha mwisho, darasa linasinzia. Nikaazima projekta na ile skrini ya kitambaa, nyeupe pee, bado inanukia upya. Nikarusha moyo mkubwa kuliko mlango. Wakakaa wima wote! Nikawaambia upande wa kushoto wa moyo tunauona kuliani kwetu kwa sababu mwenye moyo anatutazama. Hata wale wa nyuma wakasema "aaah". Ile "aaah" ndiyo iliyoniponza.

Nikachomoa maka peni nyekundu. Nikaanzia ventrikali ya kushoto, kile chumba cha chini chenye ukuta mnene, nikapandisha mshale taratibu, nikaupindisha kwa madaha, nikaandika jina la mshipa mkuu unaotoka moyoni: AOTA. Wino unashika vizuri ajabu (hapo tu ningeshtuka). Darasa kimyaaa. Nikajua nimewakamata.

Nikabonyeza slaidi ya mapafu.

Moyo ukaondoka. Aota ikabaki.

Nikadhani kompyuta imekwama. Nikabonyeza tena: figo, na aota. Nikarudi kwenye moyo: aota imetulia mahali pake kama haihusiki. Nikazima projekta kabisa. Kitambaa cheupe, aota nyekundu. Binti wa mbele akaniambia kwa sauti ya kumpa pole mfiwa, "Mwalimu, hapo si ubaoni."

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikakumbuka ujanja wetu walimu: wino sugu unaupaka wino wa ubaoni juu yake, unafuta, unatoka wote. Na kweli unatoka, kwa sababu ubao haunywi wino. Kitambaa kinakunywa. Na maka peni ya ubaoni niliyokuwa nayo ilikuwa ya bluu. Kwa hiyo sasa tuna damu yenye oksijeni (nyekundu vitabuni) na isiyo nayo (bluu), zimepita mshipa mmoja, na kuna mtoto anainakili yote daftarini.

Mkuu kajua, nimesaini, nalipa kidogo kidogo, tusiliongelee.

Jana mwalimu wa jiografia kaitumia skrini kuonyesha ramani ya dunia. Wamemuuliza kwa nini Atlantiki ina aota.